Kobe analia mara tisini: mazoezi ya kuchora kwa msimbo na hatima ya istilahi zetu

NENO ‘kulia’ limebebeshwa kazi nyingi kuliko mshahara wake. Mtoto akianguka, kazi yake ni kulia. Mkono unaotumiwa kulia chakula ndio mkono wa kulia, na hapo kitenzi kidogo mno cha Kiswahili, ‘-la’, kimetiwa kauli ya kutendea kikazaa jina la upande mzima wa mwili. Wazee walikuwa pia na ‘mkono wa kuume’, ila siku hizi ukimwambia dereva wa matatu akunje kuumeni atadhani unamtusi. Kwa hivyo tumebaki na ‘kulia’, na kwa kawaida hatuchanganyikiwi kwa kuwa muktadha hutuokoa.

Tarakilishi haina muktadha. Nililiona hilo katika kijiji cha Lindi, mtaani Kibera, nilikoalikwa na kijana mmoja niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa hukusanya watoto Jumamosi katika chumba chenye paa la mabati na vipakatalishi saba vikuukuu. Msichana wa miaka kama kumi hivi alikuwa amechapa agizo lake: mbele 100, kulia 90. Jirani yake akachungulia, akapaza sauti, “Oneni! Kobe wake analia mara tisini!” Chumba kizima kikaangua kicheko. Msichana hakutikisika. Alibonyeza, kobe akasonga, akageuka, akaacha mstari nyuma yake. “Si ameenda?” akauliza.

Kobe mwenyewe ni alama ndogo tu kwenye skrini, kijipembetatu chenye kichwa. Ukimwagiza aende, huenda akiburuta kalamu. Ukimwagiza ageuke, hugeuka papo hapo aliposimama. Hajui jambo jingine lolote. Lakini kwa maagizo hayo mawili na la tatu la kurudia, mtoto anaweza kuchora mraba, nyota, ua, mduara, pindo la kanga na ruwaza ambazo hata mwalimu wake hakuzitarajia.

Historia ya kobe huyu ina Uafrika kidogo ndani yake, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule huliruka. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini Bristol, Uingereza, mwanasayansi William Grey Walter aliunda roboti mbili za magurudumu zilizotambaa polepole kuelekea mwangaza. Aliziita Elmer na Elsie, na kwa umbo na mwendo wao watu wakaziita kobe. Miaka 20 hivi baadaye jina hilo lilihamia Marekani. Mnamo 1967, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitunga lugha ya tarakilishi kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928; alisoma Johannesburg, akapinga ubaguzi wa rangi, kisha akaishia kufanya kazi Geneva na mwanasaikolojia Jean Piaget kabla ya kuelekea MIT. Kobe wa kwanza wa Logo alikuwa roboti halisi aliyetambaa sakafuni juu ya karatasi. Baadaye akahamia ndani ya skrini, ambako hahitaji karatasi.

Jina Logo lilitokana na Kigiriki, ‘logos’, yaani neno. Watunzi wake walitaka lugha inayoshughulika na maneno, si tarakimu peke yake. Mimi kama mtu wa lugha ninalitilia mkazo jambo hilo, maana siku hizi usimbaji umekabidhiwa walimu wa hisabati na sayansi kana kwamba sisi wa Kiswahili hatukualikwa arusini. Tulialikwa tangu 1967. Ni kwamba hatukwenda.

Tuangalie mazoezi yenyewe. La kwanza ni mraba: rudia mara 4, mbele 100, kulia 90. La pili ni pembetatu yenye pande sawa, na hapo ndipo watoto wote wa dunia hukwama. Wamefundishwa darasani kwamba pembe ya ndani ya pembetatu hiyo ni 60, basi huandika kulia 60. Kobe huenda zake, haufungi mchoro, anatokomea kama mtu aliyekosa kituo cha kushukia. Dawa ya Papert haikuwa kumwambia mtoto kanuni. Alimwambia asimame, awe kobe yeye mwenyewe, atembee. Yule kijana wangu alifanya hivyo hivyo. Walitoka nje, kwenye kijinjia kati ya nyumba, mtoto mmoja akatembea hatua tano, akasimama kwenye kona, akatakiwa ageuke aelekee upande wa pili wa pembetatu iliyochorwa kwa chaki. Akageuka sana, karibu atazame alikotoka. “Kumbe unapinda mob!” akasema. Naam. Kobe hapimi pembe ya ndani. Hupima kiasi anachogeuka, nacho ni 120. Mara tatu 120 ni 360, na mraba ni mara nne 90, ambayo pia ni 360. Anayezunguka umbo lolote la kawaida na kurudi alikoanzia amegeuka mara moja kamili. Nyota ya pembe tano humshangaza mtoto zaidi kwa sababu kila ncha hugeuka 144, na tano zake ni 720: kobe amejizungusha mara mbili.

Sasa niruhusu, msomaji, nikae kidogo kwenye lugha, maana ndiyo iliyonileta.

Agizo la kurudi nyuma na agizo la kurudia jambo yanatofautiana kwa irabu moja: rudi, rudia. Katika mazungumzo hiyo ni nafasi tele. Katika msimbo, mtoto akisahau ‘a’ moja, kobe anarudi nyuma badala ya kurudia mchoro, na hakuna wa kumsahihisha. Ndiyo sababu ninapendelea ‘nyuma’ kwa agizo la kwanza, liwe jozi ya ‘mbele’, na ‘rudia’ tuliache lijitegemee. Kalamu je? ‘Inua kalamu’ na ‘shusha kalamu’ yanaeleweka bila maelezo, ingawa watoto wa Lindi walitaka ‘weka’ badala ya ‘shusha’, kwa kuwa kwao kushusha ni kwa abiria na bei. Niliwaachia. Wao ndio watumiaji.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Logo humruhusu mtoto kufundisha kobe neno jipya. Anayetaka kobe ajue mraba huanza na kile kiambishi cha Kiingereza cha kitenzijina, kisha jina la umbo, kisha maagizo. Tangu hapo kila akiandika jina hilo, kobe huchora mraba. Kwetu kiambishi hicho ni ‘ku-’. Na ‘ku-’ yetu ina utajiri ambao Kiingereza hakina: ‘kuchora’ ni kitenzi na ni nomino ya ngeli kamili, yenye upatanisho wake. Kuchora kwake kunapendeza. Yaani katika Kiswahili, tendo likishapewa jina linakuwa kitu unachoweza kukiita, kukisifu na kukitumia ndani ya tendo jingine. Mwanafunzi anayeelewa ngeli ya KU ameshaelewa, bila kujua, nusu ya wazo la kufafanua utaratibu katika msimbo. Sijawahi kuona kitabu cha usimbaji humu nchini kikisema hivyo. Vitabu vyetu vya sarufi navyo humalizia ngeli ya KU kwa mifano ya ‘kuimba kwake’ na ‘kucheka kwao’, basi.

Twende Lindi yenyewe. Jina la kijiji hiki ni sawa na la bandari ya kusini mwa Tanzania ambako wanajeshi wa King’s African Rifles walipigana mwaka 1917, karibu na Mahiwa, katika vita vikali dhidi ya von Lettow-Vorbeck. Na Kibera ilikuwa makazi ya askari wa jeshi hilo hilo. Hawa walikuwa Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia Waingereza na kupewa kipande cha ardhi yenye miti nje ya Nairobi. Neno ‘Kibra’ katika lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitengwa rasmi, likiwa na ekari 4,197. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki, ilikuwa ya ekari 288. Tarakimu hizo mbili zinajieleza, sitaziongezea kitu.

Kinubi ni krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu, na wanaisimu tunaijua vyema kwa sababu mwaka 1982 Bernd Heine alichapisha kitabu kuhusu Kinubi cha papa hapa Kibera. Ninachotaka kukitaja leo, hata hivyo, ni ufundi wa akina mama wa Kinubi, ule wa kusuka tabaga. Hizi ni sinia za kusukwa zenye rangi kali, nyekundu, manjano, kijani, zambarau, ambazo huanzia kitovu na kukua kwa kuzungushwa. Ukiitazama moja kwa makini utaona nyota, mawimbi au mapetali yanayozunguka katikati kwa mpangilio usiokosea.

Yule kijana wangu alikuwa amemwalika mama mmoja wa jirani, aliyepita miaka 70, aje na tabaga lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, “Mwalimu, nyinyi mnafundisha watoto kuchora na mashine? Ya nini, na mikono wanayo?” Nikamwomba atueleze anavyosuka. Alisema hachori kwanza. Huhesabu. Akianza kitovu, huamua mapetali ni mangapi. Yakiwa sita, kila mzunguko hugawanya sita. Kadiri tabaga linavyopanuka, hesabu ya kila petali huongezeka, na ukisahau kuongeza, “linajikunja kama bakuli, halilali.” Akaongeza kwamba asiyejua kuhesabu kimoyomoyo huku anaongea hawezi kusuka, kwa sababu wanawake husuka wakipiga gumzo.

Tazama maelezo hayo. Kugawanya duara kwa sita ni kugeuka 60. Kurudia sehemu moja mara sita ni kitanzi, ingawa mimi silipendi sana neno hilo kwa usimbaji kwa vile limezoea shingo za watu, ‘mzunguko’ linatosha. Kuongeza hesabu kila raundi ni kile ambacho wanahisabati wetu hukiita kigeu, yaani namba inayobadilika kazi ikiendelea. Mama huyu ametumia mzunguko ndani ya mzunguko na kigeu kinachokua tangu alipokuwa msichana. Mvulana mmoja aliyemsikiliza kwa makini alirudi kwenye kipakatalishi, akaandika: rudia mara 6, petali, kulia 60. Halafu akaifunga hiyo ndani ya mzunguko mwingine, kila mara petali ikiwa ndefu kuliko ya kwanza. Ilitoka nyota inayopanuka. Mama akaisogelea skrini, akaikodolea. “Hii umeacha nafasi huku nje,” akasema. Kweli. Petali zilirefuka lakini hazikunenepa. Mvulana akaanza upya.

Zoezi ambalo mvulana huyu alikuwa amepewa katika kijitabu rasmi, kabla mama hajaja, lilikuwa kuchora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Sijaona nyumba ya namna hiyo Lindi. Wala Kawangware.

Si kwamba mazoezi ya kuchora kwa kufuata kanuni ni jambo geni barani, lililotua kwa ndege pamoja na vipakatalishi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti kutoka Hungari, Emil Torday, aliwakuta watoto wa Kuba katika Kongo wakichora mchangani michoro ya nyavu, nao wakampa zoezi: afuatishe mchoro wote bila kuinua kidole wala kupita mstari mara mbili. Claudia Zaslavsky aliwasimulia wasomaji kisa hicho katika kitabu chake cha 1973 kuhusu hisabati ya Afrika. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alitatua fumbo la aina hiyo mwaka 1736 kwa kutumia madaraja ya Königsberg, na wanafunzi wa vyuo vikuu husoma jina lake hadi leo. Watoto wa Kuba hawakuandika majina yao.

Jirani zao Wachokwe, walioenea Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, walikuwa na ufundi mkubwa zaidi, unaoitwa sona. Mchoraji hutengeneza safu za nukta mchangani kwa ncha za vidole, kisha huburuta mstari mmoja unaozunguka nukta hizo huku akisimulia hadithi. Hadithi ikiisha, mstari umerudi ulikoanzia. Paulus Gerdes, profesa wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha hisabati iliyomo. Katika sona za mtindo wa mkeka, kwa mfano, idadi ya mistari unayohitaji inategemea kigawo kikubwa cha shirika cha safu na nguzo zako. Nukta 5 kwa 6 hukamilishwa na mstari mmoja. Nukta 4 kwa 6 hudai miwili. Mtoto wa darasa la sita husomea kigawo kikubwa cha shirika ili ajibu mtihani. Hapa angekisomea ili ajue kama ataweza kumaliza mchoro wake bila kuinua kalamu. Ron Eglash naye, Mmarekani, alichapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu maumbo yanayojirudia ndani yao wenyewe katika usanifu na misuko ya nywele ya Waafrika.

Pwani yetu nayo isisahaulike. Anayesuka ukili kwa miyaa hufuata hesabu ya kupitisha juu na chini, kisha huunga ukili kwa ukili hadi upatikane mkeka. Anayeshona kofia ya viua hupanga vitundu kwa ulinganifu kuzunguka kichwa kizima, na kosa la kitundu kimoja huonekana. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo huzunguka pande nne na mbunifu lazima aamue kinachotokea kwenye kona, tatizo lile lile la kobe na mraba wake. Hata jina la kobe ningelijadili. Mtu wa Lamu au Watamu angemwita kasa, na kasa jike anapopanda ufuoni kutaga huacha alama ndefu mchangani, mchoro halisi wa mnyama anayeburuta kalamu. Lakini watoto wa Nairobi hawajamwona kasa. Wanamjua kobe wa hadithi za sungura. Kobe na abaki.

Na hata huko Ulaya, mashine na nakshi zilitangulizana. Cherehani ya kufuma ya Joseph Marie Jacquard, ya 1804, ilisoma ruwaza kutoka kwa kadi zilizotobolewa. Ada Lovelace, alipoandika mwaka 1843 kuhusu mashine ya hesabu ya Charles Babbage, aliilinganisha na kitanda hicho cha mfumi. Ukoo wa tarakilishi na mkeka ni wa karibu kuliko tunavyodhani.

Ikiwa ni hivyo, mbona mtoto wa Lindi anajifunza kuchora kwa maneno ya Kiingereza? Jibu la haraka ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo si kweli, na limekuwa si kweli kwa zaidi ya miaka 20. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mwaka 2005 Microsoft nao wakatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Scratch, lugha ya usimbaji kwa watoto iliyotolewa na MIT mwaka 2007 na ambayo ni kama mjukuu wa Logo, unaweza kuibadilisha iwe ya Kiswahili kwa kubonyeza mara mbili tu. Istilahi zipo. Zipo nyingi mno, hata zinapigana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kipanya na puku, kibodi na baobonye. Nimewahi kukaa katika warsha moja ya siku mbili, katika taasisi ambayo sitaitaja, ambapo asubuhi nzima iliteketea juu ya suala la kama kifaa kile ni panya au puku. Chai ilikuwa nzuri. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza ni mtoto gani atalitumia neno hilo kesho, kwa kazi gani.

Linganisha na ‘kishikwambi’. Neno hilo lilipoanza wengi walicheka. Leo mwalimu wa kijijini atakuambia bila kufikiri kwamba kishikwambi chake kimeisha chaji, kwa kuwa serikali ilivigawa shuleni, vikapotea, vikaibwa, vikaandikwa gazetini. Neno lilipata kazi. Maneno ‘kigeu’, ‘msimbo’ na ‘ruwaza’ hayajapata kazi. Yamelala kamusini yakisubiri kuitwa, na hayataitwa na warsha. Yataitwa na mazoezi: kijitabu cha kurasa 40 chenye michoro 100, kuanzia mraba hadi tabaga, ambacho mtoto atakifuata agizo kwa agizo. Papert na wenzake hawakuanza na kamusi. Walianza na kobe na swali la nini kitatokea ukimwambia hivi.

Mnamo Aprili 2022 taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji ya kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na Kenya ikasifiwa barani kote. Nami nilisifu. Lakini silabasi hiyo ni ya lugha iliyojengwa juu ya Kiingereza, na mtoto wa shule ya mabanda anayehangaika na sentensi za Kiingereza hupimwa mara mbili katika zoezi moja: kama ameelewa duara, na kama ameelewa maelezo ya duara. Akishindwa la pili, tunaandika kwamba ameshindwa la kwanza. Yule msichana wa kobe anayelia, mwalimu wake alinieleza, alikuwa amekaa wiki tatu bila kuchora chochote kwa maagizo ya Kiingereza. Walipombadilishia, alimaliza mraba, pembetatu na nyota asubuhi moja.

Kiufundi, kubadilisha huko si kazi kubwa. Katika Python, lugha iliyoenea zaidi sasa na ambayo bado ina kobe wake, mistari michache ya mwanzo inatosha kuyapa maagizo majina mapya: mbele, nyuma, kulia, kushoto, inua, weka. Neno la kurudia ndilo hukataa, kwa sababu hilo ni la sarufi ya lugha yenyewe, na sarufi haibadilishwi kwa mistari michache. Kijana wangu alilizunguka kwa kuandika utaratibu mfupi unaoitwa ‘rudia’, wenye Kiingereza kimefichwa tumboni. Mtoto akifika darasa la juu atafunuliwa tumbo hilo.

Najua pingamizi. Mhariri mmoja rafiki yangu aliniambia, “Prof, hawa watoto wanataka kazi, na kazi ziko kwa Kiingereza.” Ni kweli ziko. Sisemi mtoto afungiwe ndani ya Kiswahili. Nasema wazo la mzunguko halina lugha, ila mlango wa kuingilia unayo, na mtoto akishaingia atajifunza jina la pili la kitu alichokwisha kukishika. Anayeanza na jina la kitu asichokijua hushika hewa. Tena pingamizi hili hudhani kwamba kazi ya msimbo ni ajira tu. Vijana wa Kibera wanajua zaidi. Hadi mwaka 2009 ramani za mtandaoni ziliuonyesha mtaa wao kama doa tupu, kana kwamba ule msitu wa jina la Kinubi haujawahi kukatwa. Novemba mwaka huo, kundi la vijana wa vijiji vya Kibera walitembea na vifaa vya kupimia mahali, njia kwa njia, wakaandika vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule, kisha wakavichora katika ramani huria ya OpenStreetMap. Walikuwa kobe halisi, wakiacha mstari walikopita. Miaka tisa baadaye, Julai 2018, tingatinga zilibomoa nyumba za maelfu ya watu Kibera kupisha barabara. Mtaa unaojua kujichora una angalau karatasi ya kuweka mezani mtu akidai hapakuwa na kitu.

Limebaki suala dogo la kipimo. Watoto wa Lindi husema ‘digrii’, kama walivyofunzwa, na yule mama alipowasikia akauliza ni digrii za chuo kikuu au za nini. Kiswahili kina neno lake: pembe mraba ni ya nyuzi 90, pembetatu hugeuka nyuzi 120. Wengi wetu tunalijua kwenye joto tu, nyuzijoto, na tunasahau kwamba umoja wake ni uzi. Nilipoliandika ubaoni, mama akalisoma kwa sauti, akageuza tabaga mkononi, akaanza kuhesabu kutoka kitovu.